Shina la Ulimi: Kupona na Kumeza

Saratani ya shina la ulimi hukaa pabaya. Ni sehemu ya nyuma kabisa, isiyoonekana hata mgonjwa akiachama, na ndiyo inayosukuma tonge kuelekea kooni. Zamani, ili kuifikia, mara nyingi mpasuaji alichana mdomo wa chini, akakata taya katikati na kulifungua kama milango ya kabati.

Roboti ilileta njia nyingine. Gregory Weinstein na Bert O'Malley wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walipitisha mikono yake myembamba kinywani na kuondoa uvimbe bila kugusa taya. Mwaka 2009 Marekani iliidhinisha matumizi hayo. Mbinu ikaenea haraka, ikibebwa na imani kwamba mgonjwa anayepasuliwa badala ya kupigwa mionzi atameza vizuri zaidi.

Imani hiyo ilipimwa na utafiti wa ORATOR, ulioongozwa na Anthony Nichols na David Palma wa London, Ontario, nchini Kanada. Wagonjwa 68 wenye saratani ndogo za eneo hilo na tonsili waligawanywa kwa kura: 34 wapate mionzi, 34 wapasuliwe na kuondolewa tezi za shingoni. Ninachousifu zaidi utafiti huu ni kipimo chake kikuu. Mgonjwa mwenyewe aliulizwa, baada ya mwaka mmoja, anamezaje.

Majibu yalitoka 2019. Kati ya alama 100, wa mionzi walipata wastani wa 86.9, waliopasuliwa 80.1. Pengo hilo halikufika alama 10, kiwango ambacho watafiti walikihesabu kuwa na maana katika maisha ya mgonjwa. Hata hivyo, ubora ulioahidiwa na kisu haukuonekana. Mionzi iliwaachia wengi zaidi usikivu hafifu na mlio masikioni. Upasuaji uliwaachia wengi zaidi taya lililokaza.

Mgonjwa mmoja aliyepasuliwa alifariki kwa kutokwa damu, na hapa ndipo penye hatari kubwa. Mshipa unaolisha ulimi hupita jirani, na kidonda huachwa wazi kipone chenyewe. Damu inaweza kumwagika siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa tayari nyumbani, ikaziba njia ya hewa.

Tusiharakishe pia kumpa mpasuaji sifa zote za uhai mrefu. Utafiti wa Kian Ang na wenzake, 2010, ulionyesha kwamba wagonjwa wa saratani za koo zilizosababishwa na virusi vya papiloma (HPV) walikuwa hai kwa asilimia 82.4 baada ya miaka mitatu, dhidi ya 57.1 kwa wasio na virusi hivyo. Na hao walitibiwa kwa mionzi na tibakemikali.

Kwa hiyo ukipendekezewa roboti, muulize daktari: nitahitaji mionzi hata baada ya kupasuliwa? Na damu ikitoka usiku wa manane, nani atanipokea?