Kilo 128 juu ya Jino, na Bado Linabomoka

Namba inayopitisha au kukataa simenti ya kujazia jino ni 100. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9917 kinataka simenti ya glasi-ayonoma ya kujazia istahimili mbano wa angalau megapaskali 100. Maabara huipima hivi: unga na kimiminika chake huchanganywa kwa uwiano uliowekwa na kiwanda, ndani ya chumba cha nyuzi 23. Uji huo mzito hushindiliwa kwenye kalibu, ukatoka mche wa duara wenye urefu wa milimita 6 na kipenyo cha milimita 4. Hukaa saa moja kwenye joto la mwili, nyuzi 37, palipo na unyevu mwingi, kisha hutiwa kwenye maji ya joto hilohilo hadi zitimie saa 24. Ndipo mashine huubana polepole mpaka upasuke. Ukipiga hesabu ya eneo lake, megapaskali 100 ni sawa na kuubebesha takriban kilo 128, yaani mifuko miwili na nusu ya saruji. Jino la mtoto halitafuni mzigo wa namna hiyo. Mbona basi kijazo kinabomoka?

Jibu la kwanza ni Emali yenyewe. Mjini hapa, barabara ya Loitokitok inapochepuka kutoka ile ya Mombasa, adhuhuri ya Februari haijui nyuzi 23. Simenti hii hushika kwa mmenyuko: tindikali iliyo kwenye kimiminika hulainisha uso wa chembe za glasi, kalsiamu na aluminiamu hutoka humo na kuufunga mchanganyiko mzima. Joto huharakisha kazi hiyo. Mhudumu anayekoroga huwa na sekunde chache tu kabla ule mng'ao wa uji haujapotea, na ukishapotea, simenti haishiki tena jino vizuri hata ukiisukuma kwa nguvu zote. Sasa atafanyaje ili apate muda? Anaongeza tone la kimiminika. Uji unalainika, unapakika kwa urahisi, na nguvu yake inashuka. Kuna pia chupa iliyoinamishwa badala ya kusimamishwa wima, tone likatoka na kiputo cha hewa ndani. Kuna kijiko cha unga kilichojaa kupita kiasi, kingine kikapungua. Karatasi ya kiwanda inaeleza haya yote, kwa maandishi madogo mno.

Hapa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulijali jambo hili kuliko wengine. Glasi-ayonoma waliibuni Alan Wilson na Brian Kent huko London, wakaichapisha mwaka 1972, lakini mbinu ya ART, ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu bila umeme wala mashine ya kuchimba, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kwa kazi ya Jo Frencken. Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono tarehe 7 Aprili 1994. Tangu mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata zimekubaliana kutojaza amalgamu ya zebaki kwa watoto wa chini ya miaka 15, isipokuwa pale tabibu anapoona ni lazima. Kwa zahanati nyingi, basi, glasi-ayonoma ndiyo inayobaki mezani.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi ni wa Ukambani. Arthur Kemoli wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walifuatilia vijazo zaidi ya 800 vya ART kwenye magego ya utotoni ya wanafunzi wa miaka 6 hadi 8, kule Matungulu na Kangundo. Simenti zilikuwa za aina zinazoheshimika, Fuji IX na Ketac Molar. Baada ya miaka miwili, ni karibu theluthi moja tu ya vijazo vilivyokuwa bado vimesimama. Pale jino lilipotengwa na mate kwa mpira badala ya vitonge vya pamba, vijazo vilidumu zaidi. Uzoefu wa aliyejaza nao ulileta tofauti. Kwa maneno mengine, mate na mkono vilikuwa na sauti ambayo mashine ya kubana haikuwahi kuisikia.

Lakini tusimtupie mhudumu lawama zote. Vijazo vile vilikuwa vya kati ya jino na jino, na hapo ndipo ninapoona kipimo cha mbano kinauliza swali lisilofaa. Ukibana mche kutoka juu, glasi-ayonoma ni shupavu. Ukiuvuta au ukiupinda, nguvu yake ni sehemu ndogo tu ya ile namba inayotangazwa. Kijazo kilichokaa juu ya jino kimezungukwa na kuta pande zote, hivyo kinabanwa tu. Cha pembeni hakina ukuta upande mmoja: kila tonge la muthokoi linakipinda, na kinavunjikia shingoni, pale pembamba. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba kwenye meno ya utotoni vijazo vya ART vya upande mmoja hubaki kwa asilimia 93 baada ya miaka miwili, na vya pande zaidi ya moja kwa asilimia 62. Pengo hilo namba 100 haliwezi kulieleza.

Kuna pia suala la meno yenyewe. Vipimo vya mshiko hufanywa kwenye magego ya binadamu yaliyong'olewa, au kwenye meno ya mbele ya ng'ombe. (Emali yenye soko lake la mifugo isingekosa sampuli.) Jino lililojazwa huzamishwa kwa zamu kwenye maji ya nyuzi 5 na ya nyuzi 55, mara mamia au maelfu, kisha hutiwa rangi na kupasuliwa ili ionekane rangi imepenya ukingoni kiasi gani. Ni kipimo kizuri, napenda ukweli wake. Ila jino la kawaida la maabara halikukulia kwenye kisima chenye floridi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu cha Kenya. Meno ya kahawia tunayoyaona katika sehemu hizi za Makueni na Kajiado yana gamba linaloitikia tindikali tofauti na jino jeupe.

Ningependa kuona kipimo kimoja kidogo. Mhudumu wa hapa akoroge simenti mchana, kwa kijiko na chupa anavyotumia kila siku, amimine miche mitano. Mwenzake apime kwa mizani, kwenye chumba cha nyuzi 23, amimine mingine mitano. Yote kumi ipelekwe kubanwa kwenye mashine ya idara ya uhandisi ya chuo chochote. Namba zikipishana sana, tuanze na kijiko na tone. Zikikaribiana, tuache kuilaumu simenti, tununue mpira wa kutenga jino.