Pembe za Land Rover ya Baba

Mwezi uliopita kaka yangu alinitumia picha nane za gari moja, mfululizo, bila hata salamu. Ya tisa ilikuwa ya Land Rover 109 ya baba, ilivyosimama nyuma ya nyumba yetu Karatu, kuku wamejipumzisha juu ya boneti. Chini yake akaandika: "Wakorea wameweza. Sisi tunangoja nini?"

Gari la zile picha nane ni Hyundai Pony. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Turin mwaka 1974, likiwa limechorwa na Giorgetto Giugiaro, Mwitaliano aliyechora pia Golf ya kwanza: mistari ya rula, pembe kali, hakuna tumbo wala kiuno. Mwaka 2021 Hyundai walilifufua. Injini ikatoka, mota ya umeme ikaingia, taa zikawa vijimraba vya mwanga, na likawekwa kwenye ukumbi wao Busan ili watu walitazame. Haliuzwi. Kinachouzwa, tangu mwaka huohuo, ni Ioniq 5, gari jipya la umeme lililorithi sura ya Pony. Yaani kampuni moja ililijibu swali la kaka yangu mara mbili: la zamani tumeligeuza liwe la kutazamwa, jipya tumelitengeneza liwe la kununuliwa.

Nyumbani swali hili lina bei. Mwaka jana tuliuza kiwanja, na fedha iliyobaki inatosha jambo moja tu. Kaka anataka Land Rover ing'olewe injini iwekwe umeme, baba arudi kazini kupeleka wageni hifadhini. Mama anataka iuzwe, inunuliwe Nissan Leaf iliyotumika, impeleke kliniki na sokoni. Wameniomba niamue. Ninasomea shahada ya uzamili ya fasihi, si uhandisi, lakini kwetu msomi ni msomi.

Basi nimefanya ninachokijua: nimezisoma zile picha kama ninavyosoma kitabu.

Pony ya Busan ni nzuri, siwezi kukataa. Lakini ni nzuri kama picha ya harusi ya wazazi wako iliyosafishwa kwa kompyuta. Kila kilichokuwa cha lazima kimekuwa pambo. Ioniq 5 ina hila nyingine. Pichani inaonekana kigari kidogo, saizi ya Pony. Ukipima, toka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 3 kamili, wakati Pony haikufika hata mita 2 na nusu. Pembe zake zimekopwa kutoka kwenye gari dogo la watu wa kawaida ili kulivisha gari kubwa la wenye nazo. Na ule mkunjo unaokata milango yake kwa mshazari umetoka kwenye mashine ya kiwandani. Ukibonyea, sioni nyundo ya kuurudisha.

Hapo ndipo niliporudi kuitazama picha ya tisa.

Land Rover ilizaliwa 1948, Uingereza imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgawo. Wakatumia bati la alumini, na wakaliacha bapa kadiri walivyoweza, kwa sababu bati bapa halihitaji mashine ghali kulikunja. Vipande vikafungwa kwa ribiti na bolti. Hakuna aliyekaa akawaza urembo wa pembe. Zile pembe ni ufukara ulioamua kusimama wima.

Mwaka 2009 nyati aliipiga ya baba ubavuni. Aliyeinyoosha hakuwa fundi magari. Alikuwa mzee wa Mto wa Mbu aliyekuwa akifua masufuria, na kwake alumini ni alumini. Alifungua mlango kwa spana, akaulaza juu ya kisiki, akaupiga kwa nyundo ya mti tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alama za nyundo zipo mpaka leo; ukipitisha kiganja unazihesabu. Kwangu mimi huo mlango ndio maana nzima ya lile gari, na ndicho kipimo nilichoamua kukitumia: siulizi lina pembe au halina, nauliza nani anaweza kulifungua.

Kwa kipimo hicho kaka asidhani ameshinda. Land Rover wenyewe walijaribu jambo hili mwaka 2013: waligeuza magari saba ya Defender, kila moja na mota ya kilowati 70 na betri ya kWh 27. Nguvu haikuwa tatizo. Moja lilipelekwa Cornwall kuvuta treni ya barabarani ya tani 12 kwenye mwinuko. Tatizo ni mwendo wa kilomita themanini na kitu. Kutoka kwetu hadi Arusha ni kama 140. Lingetuacha njiani, baada ya Makuyuni, mama akiwa na kadi ya kliniki mkononi. Ukiongeza betri unaongeza uzito, na lile sanduku linaupiga upepo kifua wazi. Kani ya upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 50 kwa saa kwenda 100, inakuwa mara nne.

Lakini Serengeti mwisho wa mwendo ni 50. Humo sanduku halina aibu. Humo unasimama nusu saa chini ya mgunga kumtazama chui aliyelala, na baba amekuwa akisema tangu tuko wadogo kwamba mgeni huanza kusikia pori injini ikizimwa. Nairobi kuna kampuni, Opibus, iliyoanza 2017 kwa kugeuza magari ya namna hii. Leo inaitwa Roam na inauza pikipiki na mabasi ya umeme. Uhamaji huo nao ni uhakiki, tena mkali kuliko wangu.

Leaf ya mama nayo nimeisoma. Ilianza kuuzwa Desemba 2010, na betri yake haina maji ya kuipoza, kwa hiyo joto huila taratibu. Dashibodi ina vistari 12 vya afya ya betri. Ya mama isiyo na vistari vya kutosha itakuwa banda jingine la kuku. Kaka hapendi nikimkumbusha kwamba mafundi wengi wanaogeuza magari ya zamani hung'oa betri na mota kwenye Leaf na Tesla zilizopata ajali. Jipya lazima life kwanza ndipo la zamani lifufuke.

Jumapili niliwapigia simu. Nilisema Land Rover isiuzwe, na isiguswe mpaka tupate fundi atakayetukabidhi mchoro wa waya zote, na betri inayofunguka kipande kwa kipande ili kikifa kimoja tusitupe zima. Akituletea sanduku lililofungwa, lenye kompyuta inayomtii yeye peke yake, bora ibaki na dizeli yake. Fedha iende kwenye Leaf, yenye vistari visivyopungua kumi. Mama alishukuru. Kaka alisema fasihi imeniharibu.

Baba alikuwa kimya muda wote, nikadhani amekata simu. Kisha akauliza, "Hiyo mota yenu ikigoma Naabi, saa kumi na mbili jioni, nina wageni sita, nitaigonga wapi?"

Kaka akasema mota ya umeme haigongwi, mzee.

"Sasa," baba akasema, "nitashuka kufanya nini?"