KCSE bila msahihishaji: Garissa ilivyoingia mtihani wa 2020

Mtahiniwa wa Garissa aliyefanya KCSE ya 2020, mtihani wa kumaliza kidato cha nne nchini Kenya, alipita njia ambayo hakuna mtoto anayestahili kupitishwa. Januari ya mwaka huo walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Machi, shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya korona. Kidato cha nne kilirudi darasani tarehe 12 Oktoba, na mtihani ukasogezwa hadi 26 Machi mpaka 21 Aprili 2021. Wiki ya mwisho ikaingia Ramadhani.

Mwaka huo unafaa kuchambuliwa kwa sababu unaonyesha wiki za mwisho zinahitaji nini hasa. Karatasi za miaka iliyopita hupatikana kwa bei ya fotokopi, na mwanafunzi mwenye bidii anaweza kumaliza rundo zima bila kujua kama amepata au amekosa. Mwalimu wa somo akishaondoka, nafasi yake ikishikwa na kijana aliyeajiriwa na bodi ya shule (BOM) aliyemaliza shule juzi au ikabaki wazi, kinachopungua kwanza ni jicho la kusahihisha. Ndiyo maana naona ratiba ya wiki sita za mwisho katika shule kama hizo ipangwe kwa kujiuliza nani atasahihisha nini na lini, kisha saa za kusoma zifuate.

Tuchukue Hisabati. Kila karatasi ina alama 100 kwa saa mbili na nusu. Sehemu ya I ni maswali 16 ya lazima yenye alama 50. Sehemu ya II ina maswali manane, unachagua matano, kila moja alama 10. Mwongozo wa kusahihisha hugawa alama hizo vipande vipande: M1 ni ya njia, A1 ni ya jibu sahihi lililotokana na njia hiyo, B1 ni ya hatua inayojitegemea. Aliyekosea kujumlisha mwishoni bado huokota alama za njia, mradi hatua zake zinasomeka. Mtahiniwa asiyewahi kuuona mwongozo hajui hilo. Hufanya hesabu kwenye kipande cha karatasi pembeni, akaandika jibu tupu, na likiwa na kosa dogo hapati chochote. Wanafunzi wawili wakiwa na mwongozo mmoja, wakafanya karatasi nzima kwa saa, kisha wakabadilishana na kusahihishiana kwa M, A na B, wataliona kosa hili wenyewe. Kazi hiyo haihitaji mwalimu kusimama mbele. Inahitaji mwongozo, saa na uaminifu.

Sehemu ya II nayo huamua nini kisomwe. Kodi ya mapato, latitudo na longitudo, grafu za trigonometria, takwimu na uwezekano ni mada zinazorudi mara kwa mara. Mada saba zilizoshikwa barabara humpa mtahiniwa nafasi nzuri ya kupata matano ya kuchagua. Wako walimu wanaosisitiza silabasi imalizwe hata wiki ya mwisho. Sikubaliani nao. Mada mpya iliyoguswa siku kumi kabla ya mtihani hula muda wa mada ambayo tayari ilikuwa nusu mkononi.

Pointi nazo zinaonyesha kwa nini Hisabati ipewe uzito. C+, alama ya chini ya kuingia shahada, inaanzia pointi 46 kati ya 84 kwa masomo saba. Mwenye E ya Hisabati ana pointi 1, hivyo anahitaji pointi 45 kwa masomo sita yaliyobaki. Akifika D+ ana 4, na C+ tupu katika yale sita inamtosha. Pointi hizo tatu ni rahisi kuzipata kuliko kuivuta Elimu ya Dini ya Kiislamu kutoka B+ hadi A, ambako faida ni pointi mbili. Lakini mtoto aliyechoka hukimbilia somo analolipenda, na hakuna wa kumkataza.

Kiswahili ni habari nyingine. Karatasi ya Insha ina alama 40, Lugha 80, Fasihi 80. Kwa mtoto anayezungumza Kisomali nyumbani, sehemu ya Lugha inaweza kusahihishwa na mwenzake kwa mwongozo, hasa isimujamii na matumizi ya lugha. Insha na majibu ya fasihi hayawezi. Mwenzake hataona sentensi iliyopinda kwa sababu naye huisema hivyo hivyo. Kwa hiyo, mwalimu mmoja wa lugha aliyebaki shuleni, saa zake zote za jioni zingewekwa kwenye insha na fasihi, na Hisabati ikaachiwa wanafunzi wawili wawili.

Na Ramadhani. Aprili Garissa ni joto kali, na karatasi za asubuhi huanza saa mbili. Usomaji mzito ulipaswa kuisha kabla mwezi haujaandama. Baada ya hapo, saa za maana ni zile za ubaridi, kuanzia daku, kupitia swala ya Alfajiri, hadi kengele ya asubuhi. Baada ya tarawehe ni kulala. Watahiniwa wa 2002 na 2003 nao walifanya KCSE wakiwa wamefunga, kwa hiyo walimu wakongwe wa eneo hilo walikuwa na uzoefu wa kuazima.

Tangu mtihani wa 2023 hesabu ya pointi imebadilika: huhesabiwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Kabla ya hapo Kiingereza na Kiswahili vyote vilihesabiwa. Kwa waliobaki wa mfumo wa zamani wa 8-4-4, ambao wa mwisho watafanya KCSE mwaka 2027, mtahiniwa wa Garissa anaweza kuamua ni lugha ipi ipewe zile saa chache za mwalimu. Uamuzi huo ufanywe matokeo ya mtihani wa majaribio, moki, yakitoka, mwalimu na mwanafunzi wakiwa wamekaa pamoja, maana ukingoja wiki ya mwisho saa hizo zitakuwa zimeshagawanywa sawasawa kwa lugha mbili.