Baiskeli Ikianguka, Mtoto Abaki Wapi?

Mzazi anayenunua kiti cha mtoto cha baiskeli huanza kwa kuvuta mikanda. Anaangalia kama inakaza, kama kifungio hakitafunguliwa na vidole vidogo, kama sponji ni nene. Si ukaguzi wa bure, ila unajibu swali la pili kabla ya la kwanza. Mkanda humfunga mtoto kwenye kiti, kiti kimefungwa kwenye baiskeli, na baiskeli yenyewe ni chombo ambacho kikiachwa bila mkono hulala chini. Maana yake ni kwamba mkanda ukikaza vizuri, mtoto ataanguka pamoja na baiskeli bila shaka yoyote. Mafundi wa Ulaya, Japani na Amerika Kaskazini wamelihangaikia jambo hili kwa zaidi ya miaka arobaini, na kwa hesabu yangu maendeleo ya maana yalianza pale walipoacha kuongeza mikanda, wakatafuta namna ya kuutenga mwanguko wa mzazi na mwanguko wa mtoto.

Tuanze na kiti cha nyuma, kile kinachokaa juu ya keria. Kichwa cha mtoto wa miaka miwili aliyeketi hapo kipo takriban mita 1.3 kutoka ardhini. Kitu kinachoanguka kutoka kimo hicho hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 18 kwa saa, hata kama baiskeli ilikuwa imesimama tuli mlangoni pa duka. Isitoshe, kilo 15 zilizokaa juu na nyuma ya ekseli huufanya usukani kuwa mwepesi mno mbele, na baiskeli huyumba wakati wa kuanza safari na wakati wa kusimama, yaani nyakati zilezile ambazo mzazi hana mwendo wa kumsaidia kusawazisha. Hatari nyingine ni mguu kuingia kwenye spoku. Sheria ya barabara ya Ujerumani inaitaja waziwazi: mtoto asiyetimiza miaka saba anaweza kubebwa na mtu mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, mradi ana kiti chake maalumu na kuna kizuizi cha kuhakikisha miguu yake haifiki kwenye spoku.

Tela ilileta jibu la namna nyingine. Burley, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1978 mjini Eugene, jimbo la Oregon, ni miongoni mwa zilizoifanya tela ya watoto kuwa kitu cha kawaida Marekani, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo: magurudumu mawili yaliyotanuka, kiti kilichoshuka karibu na ardhi, mabomba yanayomzunguka mtoto kama kizimba, turubai juu. Watu hutazama kizimba. Mimi ningemwelekeza mtu kwenye kiungo, kipande kidogo kinachofungwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma la baiskeli, upande wa kushoto, kwa kuwa kulia kuna mnyororo. Kiungo hicho kina mpira mgumu, springi au kifundo kinachozunguka, na kinaachia baiskeli ilale kabisa ubavuni huku tela ikibaki imesimama kwa magurudumu yake yote mawili. Kando yake hupita mkanda wa akiba unaozungushwa kwenye fremu, ili kiungo kikivunjika tela isiachwe barabarani. Hapo ndipo kazi yote ilipofanyika. Mzazi anaweza kuteleza kwenye mchanga, akachubuka goti, na mtoto akabaki ameketi akishangaa.

Wanaoipinga tela wana hoja, na nyingine ni nzito. Wanasema ipo chini, dereva wa lori haioni. Ndiyo maana huwekewa bendera kwenye fimbo ndefu na taa nyuma, ingawa sitadai kwamba bendera inamzuia dereva anayetazama simu. Wanasema mtoto anavuta moshi wa magari, na mzazi hamwoni bila kugeuka. Yote ni kweli. Lakini kasoro ninayoiona kubwa zaidi haisemwi sana: tela nayo hupinduka, ila kwa sababu zake. Mzazi anapokata kona kwa kasi, gurudumu la ndani likapanda ukingo wa barabara, tela hulala upande wa nje hata kama baiskeli haikuyumba. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka mipaka ya mwendo, mara nyingi kama kilomita 25 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, na pungufu sana kwenye kona. Mlimani kuna shida nyingine: mzazi akibana breki, tela inasukuma kutoka nyuma, na kwa kuwa imefungwa upande mmoja, inataka kuizungusha baiskeli. Kutenganisha mwanguko hakukufuta hatari. Kulizihamisha kutoka kwenye kusimama na kuanza, ambako kila mzazi hupita mara kadhaa kwa siku, kwenda kwenye kona na miteremko, ambako mwendo unaweza kupunguzwa kwa hiari. Huo ni ubadilishanaji mzuri, lakini si wa bure.

Japani inatoa ushahidi kutoka upande wa pili, kwa kuwa huko njia ni finyu na maegesho ni ya kubanana, na tela ya upana wa karibu sentimita 80 haina pa kupita. Akina mama walikuwa wakibeba watoto wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kinyume cha sheria, na polisi walipotaka kuibana desturi hiyo mwaka 2008 wazazi walilalamika kwa nguvu. Mwaka 2009 kanuni zilibadilishwa: ruksa, lakini kwa baiskeli zilizotimiza masharti maalumu. Ukiyasoma masharti hayo utakuta fremu imara, breki, usukani usiotetemeka, na stendi isiyoyumba wakati baiskeli imeegeshwa. Stendi! Waliotunga masharti walijua kwamba sehemu ya hatari ya safari ni pale mama anapomfunga mtoto wa pili huku wa kwanza akirukaruka. Baiskeli ya umeme yenye watoto wawili inaweza kufika kilo 60. Ikiinama nyuzi 30, mikono kwenye usukani inahitaji nguvu kama ya kuinua zaidi ya kilo 20 kwa ubavu. Kwa hiyo watengenezaji wakaweka stendi pana ya miguu miwili, kifaa cha kuufunga usukani usigeuke baiskeli ikiwa imeegeshwa, na magurudumu madogo ya inchi 20 ili viti vishuke. Hawakuweza kutenganisha mianguko, basi wakaizuia pale inapotokea mara nyingi.

Kati ya njia hizo mbili kuna baiskeli za sanduku. Christiania ya Copenhagen, iliyoanza mwaka 1984, ina magurudumu matatu na haianguki ikisimama, ila ukiikata kona kwa haraka gurudumu moja hunyanyuka. Waholanzi walipendelea zaidi magurudumu mawili na sanduku refu lililo chini kati ya usukani na gurudumu la mbele. Hapo uzito wote unalala tumboni mwa fremu, na fremu ndefu hupinda. Februari 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Uholanzi iliiamuru kampuni ya Babboe isimamishe uuzaji kwa sababu ya fremu zinazoweza kukatika. Nusu-baiskeli, ile ya gurudumu moja inayofungwa nyuma ili mtoto apige pedali mwenyewe, siizungumzii sana: inamrudisha mtoto kwenye mwanguko wa mzazi, na inafaa kwa aliyekwisha kukua kiasi cha kujishika.

Atakuja mtu aniambie haya ni mambo ya nchi zenye lami na njia za baiskeli. Lakini Uganda na Zambia tela za baiskeli zimebeba wagonjwa watu wazima kwenye njia za vumbi hadi zahanati, kwa hiyo barabara peke yake si kizuizi. Kwetu mtoto hupanda keria tupu au hukalia bomba la mbele, na kisigino kwenye spoku ni jeraha la kawaida. Bamba la plastiki la kufunika spoku pande zote mbili na kikanyagio cha kuegemeza miguu ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi yeyote. Tela nayo anaweza kuichomelea. Atakapokosea ni kwenye kiungo, kwa kuwa rahisi zaidi ni kukifunga chini ya kiti cha mwendeshaji. Kikiwa juu hivyo, breki ikibanwa tela inasukuma kwa kimo, gurudumu la nyuma linapoteza uzito, na matairi huanza kuteleza. Kikishushwa hadi kwenye ekseli, na uzito wa mtoto ukakaa mbele kidogo ya magurudumu ya tela ili kilo chache zielemee kiungo, baiskeli hubaki imeshika barabara.