Je, "Huqna" ya Vitabu vya Fiqhi Ndiyo Sindano ya Hospitali?

Kila Ramadhani ikikaribia, maimamu huulizwa swali lile lile: mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini mchana, saumu yake inasihi? Na kila mwaka hakosekani wa kujibu kwamba imebatilika, kwa hoja moja: vitabu vya Kishafii vimetaja wazi kuwa huqna inabatilisha saumu, na huqna kwa Kiarabu ni sindano. Kwa msikilizaji hoja hii ina sura ya elimu. Lakini ndani yake mna kosa, na kosa lenyewe si dogo, kwani mgonjwa akilifuata huenda akaacha dawa inayomweka hai.

Tuanze na neno. Ni kweli Mwarabu wa leo akisema huqna huenda akakusudia sindano. Lakini Imamu Nawawi, mwenye Minhaj inayosomeshwa katika darsa zetu za pwani, alifariki mwaka 676 Hijria (1277). Sindano ya kupitishia dawa chini ya ngozi ilienea katika utabibu tangu miaka ya 1850, kwa kazi ya Charles Pravaz wa Ufaransa na Alexander Wood wa Edinburgh. Baina yao ni zaidi ya miaka 570. Huqna aliyoikusudia Nawawi ni dawa inayotiwa kwa njia ya haja kubwa ili ifike matumboni. Anayelipa neno lake maana ya hospitali ya leo amemsemesha Imamu asichokisema.

Kisha tutazame kanuni. Kwa Mashafii, kinachobatilisha ni kitu chenye mwili (ain) kinachofika katika uwazi wa ndani (jauf) kwa kupitia tundu lililo wazi, kwa kusudi, hali mtu akikumbuka kuwa amefunga. Ndiyo maana Minhaj imesema mafuta yanayonywewa na vinyweleo hayadhuru, wala wanja hata ladha yake ikifika kooni. Na katika Majmuu, Nawawi ametaja mfano ulio karibu zaidi na mas-ala yetu: mtu akitia dawa ndani ya nyama ya muundi, au akadunga kisu hapo kikafika kwenye uboho, saumu haibatiliki, kwa kuwa pale si jauf. Mwenye mfano huu mkononi ana haja gani ya kung'ang'ania neno huqna?

Hata hivyo, upande wa pili nao usizidishe kwa kusema kila kinachopita kwenye sindano ni sawa. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah mwaka 1997, iliamua katika azimio namba 93 kwamba sindano za matibabu za ngozi, msuli au mshipa hazibatilishi saumu, ila ikazitoa sindano na maji ya lishe. Kutofautisha huku kuna maana. Dripu ya glukosi inamlisha mtu, basi imekaribia maana ya kula. Insulini haimlishi, kazi yake ni kuiwezesha sukari iliyomo tayari katika damu itumike mwilini.

Wala mas-ala haya hayakuishia kwenye makaratasi. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza mwili wake hautengenezi insulini ya kumtosha. Akiiacha kwa siku chache tu, damu yake huweza kujaa asidi, akazimia, akafa. Anayemwambia achague baina ya sindano na saumu amemtwika mtihani ambao sheria haikumtwika.

Lakini tuelewane: kusema sindano haibatilishi si kumwamuru kila mgonjwa afunge. Sura Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Daktari mwaminifu akimkataza kufunga, ale, kisha alipe akipona. Na asiyetarajiwa kupona atoe fidia. Na aliyefunga sukari yake ikashuka kwa kiasi cha kuhatarisha, afungue hapo hapo, asingoje adhana.

Basi enyi walimu wa darsa, mkifika mlango wa saumu simameni kwenye neno huqna, mwafasirie wanafunzi kama alivyolikusudia mwenye kitabu. Wao ndio watakaoulizwa na wagonjwa kesho.

Wallahu aalam.