Uthibitisho wa Nini? Uhakiki wa Dhana ya Uaminifu katika Programu za Mifumo Inayojiendesha

Kauli kwamba programu ya mfumo unaojiendesha “imethibitishwa kihisabati” huwavutia wasomi na watunga sera kwa pamoja. Makala haya yanahakiki kauli hiyo na kudai kwamba nguvu yake, na hatari yake pia, imo katika swali ambalo aghalabu haliulizwi: ni nini hasa kilichothibitishwa?

Mafanikio ya mbinu rasmi hayana shaka. Njia ya 14 ya metro ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1998, huendesha treni zisizo na dereva. Sehemu za programu yake zinazosimamia usalama ziliundwa kwa mbinu ya B, iliyoasisiwa na Jean-Raymond Abrial. Katika mbinu hiyo, masharti huandikwa kwanza kwa lugha ya hisabati, kisha hufafanuliwa hatua kwa hatua hadi kuwa programu, na kila hatua hudai uthibitisho wake. Majaribio ya kawaida huonyesha tu kwamba kosa halikutokea katika hali zilizojaribiwa. Uthibitisho huhusu hali zote zilizomo katika kielelezo.

Hata hivyo, “zilizomo katika kielelezo” ni maneno mazito. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliangamia kabla ya kutimiza dakika moja angani. Programu ya kifaa chake cha kupima mwelekeo ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako wahandisi waliridhika kwamba thamani ya kasi ya mlalo isingezidi nafasi iliyotengewa. Katika Ariane 5 ilizidi. Programu ilihamishwa, dhana iliyoihalalisha haikuchunguzwa upya.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Kitenzi “kuthibitisha” hubeba maana ya kuonyesha ukweli kwa hoja na pia ya kuidhinisha. “Ithibati” nayo hutumika kwa utambuzi rasmi wa taasisi. Mshauri wa sera anaweza kudhani kwamba mamlaka imekwisha kuridhia. Katika ukanda ambao ndege zisizo na rubani hupeleka damu hospitalini nchini Rwanda tangu 2016, mkanganyiko huo si wa kikamusi tu.

Inapendekezwa kwamba kila tamko la uthibitisho litaje sharti lililothibitishwa, mazingira yaliyodhaniwa na sehemu zilizoachwa nje, hususan zile zinazojifunza kutokana na data. Istilahi nazo zitenganishe uthibitisho wa kihisabati, majaribio na idhini. Vinginevyo, neno moja litaficha wajibu wa watu watatu: aliyeandika sharti, aliyeunda programu na aliyeiruhusu itumike.