Maua Mgongoni mwa Mpagazi

Kila Agosti, jiji la Medellín, kule Kolombia katika milima ya Andes, hufanya sherehe yake kubwa, Feria de las Flores. Kilele chake ni maandamano ya silletero: wakulima wa maua kutoka Santa Elena, vilimani juu ya jiji, wakipita barabarani na kiti cha mbao mgongoni. Kiti chenyewe, silleta, huwezi kukiona, kimefunikwa maua. Nimeyatazama maandamano haya kwenye video, na sifa zote huenda kwa rangi. Eti mtu amebeba bustani! Mimi macho yangu hubaki kwenye mikanda inayobana mabega.

Hebu tujiulize: kabla ya maua, kiti kile kilibeba nini? Kilibeba watu. Njia za milima hii zilikuwa tope na mawe, na mwenye pesa aliketi kitini akabebwa na maskini. Alexander von Humboldt alipopita njia ya Quindío mwaka 1801, alikataa kubebwa, akatembea kwa miguu yake. Baadaye wakulima wakabebea kiti hichohicho maua na mboga hadi sokoni. Maandamano yalianza 1957, na leo silleta kubwa huweza kuzidi kilo 70.

Kiswahili kina neno la kazi hiyo: upagazi. Lugha hii yenyewe iliingia bara pamoja na misafara, na misafara ilibebwa na mabega ya watu. Kwa hivyo msomaji wa Kiswahili hana haki ya kutazama kiti kile akaona ua tu.

Je, sherehe inaficha mateso ya kale? Wapo watakaosema hivyo. Mimi sikubali. Tazama aliyeondoka: ni yule bwana aliyeketi kitini. Anayebeba leo ndiye aliyepanda, akachuma, akapanga, na barabara inampigia makofi yeye. Mzigo umebaki, ila sasa una mwenyewe. Hilo si jambo dogo.

Kasoro naiona kwetu watazamaji, na kwa wanaotusimulia. Tunasifu ua, mgongo tunausahau, na mgongo ndio historia yenyewe. Ningependa mtangazaji, walau mara moja kabla maandamano hayajaisha, awataje waliobebwa na waliobeba. Maua hayatanyauka kwa hilo.